Dakika Ishirini za Kuchemsha Vyombo

Karatasi ile niliiandika mimi mwenyewe. Niliichapa, nikaitia kwenye plastiki, nikaibandika ukutani juu ya jiko la gesi katika chumba cha vidonda cha zahanati. Ilisema kwamba vyombo vya kushonea vichemshwe dakika ishirini tangu maji yaanze kuchemka. Andika saa ya kuanza, andika saa ya kumaliza, weka sahihi. Mstari wa sahihi ndio niliojivunia zaidi. Niliamini kwamba kabla yangu hapakuwa na mtu anayewajibika kwa lolote pale, na kwamba sasa kila sufuria ilikuwa na mwenyewe.

Nilikuwa nimemaliza digrii ya ualimu, fizikia na hisabati, nikawa nasubiri ajira kama wenzangu wote niliomaliza nao. Nilirudi Sumbawanga kwa shangazi yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Kizwite, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Miezi miwili ya kunisikia nikibishana na watangazaji wa redio ilimtosha. Alikuwa anamshonea makoti meupe tabibu mmoja mstaafu aliyefungua zahanati yake binafsi jirani na kwetu, na siku alipokwenda kumpima akamwambia, "Dokta, nina mtoto pale nyumbani. Ana maneno mengi, lakini kuandika anajua."

Dokta alimhitaji mtu wa namna hiyo. Wakaguzi walikuwa wamepita wakamwachia orodha ndefu ya mapungufu, na nilipoisoma niliona karibu yote ni pungufu moja: mambo yanafanyika lakini hayajaandikwa. Nani anasafisha chumba cha vidonda, kwa dawa gani, mara ngapi? Sindano zilizotumika zinakwenda wapi? Nikapewa meza kwenye kona ya mapokezi, kompyuta ya zamani, na ruhusa ya kuuliza maswali. Ruhusa hiyo sijawahi kuihitaji, lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa.

Wa kumuuliza alikuwa muuguzi wetu, mama wa makamo ambaye wagonjwa wote walimwita Mama Nesi. Yeye aliniita Mwalimu, kwa sauti ya mtu anayemwita kuku Mheshimiwa.

"Mama, mbona karatasi ya friji ya chanjo na dawa inasema nyuzi tano kila siku? Hata wiki ile umeme ulipokatika kutwa nzima?"

"Kwa sababu tano ndiyo wanayoitaka wakaguzi."

"Kwa hiyo mnaandika bila kupima?"

"Tunapima, Mwalimu. Ukifungua mlango ukasikia baridi, ni tano."

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Nilinunua kipimajoto, nikaanza kuandika namba za kweli, na katika wiki ya kwanza tukatupa chupa kadhaa za dawa zilizokuwa zimekaa kwenye joto bila mtu kujua. Dokta aliinama akaziangalia chupa zile ndani ya ndoo, moja moja. Tangu hapo hakunipinga tena. Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililonipa kiburi. Nilikuwa nimeuliza swali moja na nikawa sahihi, kwa hiyo nikadhani nitakuwa sahihi kila ninapouliza.

Baada ya friji nikahamia kwenye sufuria. Zahanati ilikuwa na mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu, ule unaofungwa kwa skrubu kama sufuria ya presha, lakini mpira wa mfuniko wake ulikuwa umepasuka, na mpya uliagizwa Mbeya ukawa hauji. Vyombo vya kushonea, yaani mikasi, koleo na vishikio vya sindano, vilichemshwa tu kwenye maji.

"Unavichemsha kwa muda gani, Mama?"

"Rozari nzima."

Nilidhani ananitania kama kawaida yake. La. Alijifunza kazi akiwa msichana kwenye zahanati ya misheni, chini ya sista mmoja mzee ambaye hakuruhusu sufuria ishuke jikoni kabla rozari haijaisha. Wala si mafungu matano tu ya kila siku. Matendo ya furaha, ya uchungu na ya utukufu, yote.

"Na hiyo rozari nzima ni dakika ngapi?"

"Inategemea anayesali. Mimi si mtu wa kukimbiza maneno."

"Mama, siwezi kubandika hivyo ukutani. Mkaguzi akiwa Mwislamu je?"

"Atahesabu kwa tasbihi yake. Sufuria ni hiyo hiyo."

Siku moja nilikaa na saa nikampima. Ilikaribia saa nzima. Saa nzima ya gesi, na wagonjwa wakiwa kwenye benchi wameshikilia vidonda vyao kwa vitambaa! Nikamuuliza kwa nini yule sista alitaka muda mrefu kiasi hicho.

"Sikumuuliza. Enzi zetu hatukuwa tunauliza."

Niliposikia hivyo nikajua nimeshinda. Nilipakua kijitabu kimoja mtandaoni, nikatafuta neno "kuchemsha", nikapata jedwali safi: dakika ishirini. Nikalinakili. Dokta akasaini. Mama Nesi alisimama mbele ya karatasi, akaisoma kwa sauti, akasema, "Ishirini tu? Haya. Ninyi ndio mliosoma." Siku chache za mwanzo nilimwona akisimama karibu na jiko midomo ikimchezacheza, kisha kengele ya simu yangu ililia akiwa katikati, naye akazima gesi na kuondoka bila kumaliza. Baadaye hata midomo ikaacha kucheza. Ilikuwa mwezi wa nne.

Mwezi wa sita ulezi huwa umekomaa na upepo wa Ufipa unapita ndani ya sweta kana kwamba hukuvaa kitu. Ni msimu wa vidole. Mtu anashika masuke kwa mkono wa kushoto, anakata kwa kisu kidogo kwa mkono wa kulia, haraka, mikono imekufa ganzi kwa baridi ya asubuhi. Kila siku walikuja wawili watatu waliojikata. Baadhi yao walirudi baada ya siku kadhaa, kidonda kimevimba, kina usaha. Tulisema ni udongo. Tulisema hawasikii wanapoambiwa wasiloweshe bandeji. Mimi niliyekuwa nauliza kila kitu, hilo sikuliuliza.

Kisha akaja shangazi. Ana kashamba kadogo nyuma ya nyumba za mwisho za Kizwite, na alikuwa amejikata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, chini kidogo ya kucha, kidonda kirefu hadi pembeni. Alikuja kwa miguu, kidole kimefungwa kwenye pindo la kanga, akitukana.

"Shikamoo shangazi. Ni nini tena?"

"Marahaba. Ni ujinga. Nimekata nguo miaka thelathini sijajikata, ulezi wa debe mbili ndio unaniumbua."

Kidole kile ndicho anachokiongozea kitambaa chini ya sindano. Fundi asiye na kidole cha kushoto cha kuongoza atashona mifuko ya mahindi, si gauni la bibi harusi. Hili yeye alilijua kabla ya mtu mwingine yeyote, na ndiyo maana alikuwa anatukana.

Kwenye benchi alikaa karibu na mama mmoja kutoka kijiji cha Mwazye, aliyekuja kumsaidia dada yake kuvuna huku mjini na kujipasua kiganja. Nilisikia wakicheka. "Wewe umekata kiganja kizima," shangazi alikuwa anamwambia, "ulikuwa unavuna ulezi au unachinja?" Mama Nesi alikuwa anamsafisha mtoto aliyeungua, kwa hiyo sufuria niliibandika mimi. Maji yakachemka, nikaandika saa. Kengele ikalia, nikaandika saa. Nikaweka sahihi yangu. Dokta akamshona shangazi kwanza, halafu yule mama wa Mwazye, kwa vyombo vya sufuria ile moja.

Siku ya tatu kidole kilikuwa chekundu. Siku ya tano kilikuwa kama hindi bichi, kinang'aa, na shangazi alilala ameuinua mkono juu ya mito miwili. Dokta alikata nyuzi, usaha ukatoka mwingi kuliko nilivyodhani kidole kinaweza kubeba. Akampa dawa kali zaidi. Siku ya nane akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, na huko wakampiga picha, wakasema mfupa wa pingili ya juu umeshaguswa. Wangejaribu kuusafisha. Ikishindikana, wangeikata pingili hiyo kabla ubaya haujashuka.

"Wakikata pingili moja bado nashona," shangazi aliniambia kutoka kitandani. Hakuwa ananiuliza, lakini aliniangalia kama mtu anayesubiri jibu. "Wakikata mbili, sishoni."

Nyumbani alikuja kutusaidia mke wa binamu yangu, kutoka Ilemba, chini bondeni. Anapachukia huku juu. Anavaa sweta mbili na kulalamika kwa moyo mweupe kabisa. Mchana ule nilimkuta jikoni amekaa juu ya kibao akiutazama moto.

"Wifi, maharage yenu haya yana nini? Nimeyabandika asubuhi."

"Ya huku ndivyo yalivyo. Yanachelewa kuiva."

"Nimeyaleta mwenyewe kutoka Ilemba! Ni yale yale. Kule ukichelewa kidogo yanavurugika. Si maharage, ni maji yenu. Yanatokota kwa kelele, lakini hayana moto."

Nilisimama mlangoni. Nakumbuka nilikuwa nimeshika chupa ya chai ya kupeleka hospitali, na kwamba niliiweka chini polepole sana, kana kwamba ingelipuka.

Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo. Katika mazoezi ya kufundisha, kwenye shule moja ya sekondari papa hapa Sumbawanga, niliwaeleza wanafunzi kwamba ukipanda juu hewa inapungua uzito, na maji yanachemka kabla ya kupata joto kamili. Niliwachorea mlima. Nikawapa mfano wa Kilimanjaro. Kilimanjaro! Tulikuwa tumekaa juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita elfu moja na mia saba kutoka usawa wa bahari, kila nyumba ina bibi anayebandika maharage alfajiri, nami nikaenda kutafuta mfano upande wa pili wa nchi.

Nilikimbia. Shuleni pale mtunza maabara alinikumbuka, akaniazima kipimajoto kirefu cha kioo. Mama Nesi alinikuta chumba cha vidonda nimekitumbukiza kwenye sufuria, maji yanatokota, mvuke umejaa, zebaki imesimama. Nilisubiri. Niliongeza moto. Maji yaliruka hadi yakamwagikia jiko, lakini zebaki haikusogea. Tisini na nne.

"Inatakiwa ngapi?" aliuliza.

"Mia."

"Na ikiwa tisini na nne?"

"Unachemsha kwa muda mrefu zaidi. Mrefu sana."

Alitazama karatasi yangu ukutani. Alikuwa na kila haki ya kusema neno, na mimi nilikuwa nalisubiri. Alichosema ni, "Kwa hiyo yule sista alikuwa anajua," kisha akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, akafunika mdomo kwa kiganja. "Nami nikaacha. Niliambiwa niache, nikaacha." Sikujua kama yule sista alikuwa anajua, au alikuwa anasali tu. Hata leo sijui. Sala haiui vijidudu. Nadhani ni ule muda. Lakini muda huo ulikuwa ndani ya sala, na mimi niliitupa sala bila kuangalia kilichomo.

Nikafungua kijitabu kwenye kompyuta. Jedwali nililolinakili lilikuwa mwisho wa ukurasa. Nilishuka ukurasa uliofuata, jambo ambalo sikulifanya mwezi wa nne. Mstari wa kwanza kabisa uliwataka watu wa maeneo ya miinuko waongeze muda wa kuchemsha.

Dokta alinisikiliza hadi mwisho, miwani ameiinua kwenye paji la uso.

"Hatuna uhakika," alisema. "Vijidudu vingi vinakufa hata kwa joto hilo. Na kisu cha ulezi je? Udongo? Samadi?"

"Ni kweli. Lakini nimepitia rejista. Kabla ya karatasi yangu unapindua kurasa nyingi ndipo unapata kidonda kimoja kilichorudi na usaha. Baada yake, ni kila ukurasa."

"Baada yake ni mavuno."

"Mwaka jana pia kulikuwa na mavuno, Dokta. Na mwaka juzi. Kurasa zipo."

Akaivuta rejista. Akapindua mwenyewe, mbele na nyuma, mbele na nyuma, akinyooshea kidole kila alipoona neno usaha kwa mwandiko wake. Yeye ndiye aliyeyaandika yote, moja moja, na hakuwahi kuyasoma kwa pamoja. Mwishowe aliiacha wazi na kuondoa mkono, kama mtu aliyegusa kitu cha moto.

"Mungu wangu," alisema. "Usimwambie mtu kwanza. Tufikiri."

Nilitoka, nikaenda hospitali.

Shangazi alikuwa ameshatoka chumba cha upasuaji. Walikata pingili moja. Bandeji ilikuwa kubwa kuliko mkono, ameilaza kifuani kama mtoto mchanga, na macho yake yalikuwa mazito kwa dawa.

"Moja," aliniambia kabla sijamwamkia. "Imebaki ya kutosha."

Ningeweza kuliacha pale. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikamweleza yote: rozari, kijitabu, zile dakika, kipimajoto, sahihi yangu. Nilisema kwamba hatujui kwa hakika, kisha nikaona naliegemea neno hilo, nikalirudia kwa namna nyingine: huenda ni mimi. Nilitegemea anitukane, ana matusi mazuri na nilikuwa nayastahili.

"Wewe ndiye uliyechemsha?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na ulifuata saa sawasawa?"

"Sawasawa kabisa."

Akafumba macho. Nikadhani amelala, au amekataa kuendelea kuniona. Kisha akasema, macho bado yamefumbwa:

"Na yule mwenzangu?"

"Nani?"

"Wa Mwazye. Wa kiganja. Si tulishonwa sufuria moja?"

Tangu jikoni na wifi hadi pale kitandani, niliyemfikiria alikuwa shangazi tu, na nyuma ya shangazi, mimi mwenyewe. Nilizisoma kurasa zile kama hesabu ya kumshindia Dokta. Hata sikutazama kama yule mama alirudi kukaguliwa.

"Inuka," alisema. "Unakaa hapa unanililia, umekuja kufanya nini? Kidole changu kimeshakwenda. Inuka."

Zahanati niliikuta imefungwa mlango wa mbele mchana kweupe, nikadhani Dokta ameamua kuficha. Nilipitia nyuma. Alikuwa ameketi kwenye meza yangu na Mama Nesi, rejista katikati yao, na karatasi yenye majina yote ya walioshonwa tangu mwezi wa nne. Majina sita yalikuwa yameshawekewa alama.

"Watatu wamepona," alisema bila kuinua kichwa. "Wawili wanakuja kesho. Mmoja amenitukana, na yuko sahihi. Kaa. Wewe soma, mimi napiga simu."

"Anza na wa Mwazye."

Hakuuliza kwa nini. Alipiga, akaiweka simu mezani kwa sauti ya wazi. Ililia hadi karibu ikatike, kisha akapokea mwanaume, nyuma yake upepo na watu wakiitana.

"Mke wangu? Yuko shambani huku, alisharudi kwetu Mwazye. Kwani vipi?"

"Tulimshona kiganja hapa. Tunataka kujua anaendeleaje."

"Aa, Dokta! Mnatupigia hadi huku? Asante sana, ninyi ni watu." Alikuwa anafurahi kweli. "Anaendelea vizuri tu. Mkono umevimba kidogo, unamchoma usiku, na kuna mstari mwekundu hivi unapanda kwenye mkono. Lakini anavuna kwa ule mwingine. Amesema akimaliza ulezi atakuja."

Mama Nesi alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

Dokta aliinyanyua simu akaisogeza karibu kabisa na mdomo.

"Sikiliza, ndugu yangu. Asimalize. Mwambie aweke kisu chini sasa hivi, nikisikia. Kuna pikipiki hapo? Mpandishe sasa hivi, umpeleke hospitali iliyo karibu, msisubiri kesho. Mkishafika nipe daktari wa huko niongee naye, kuna jambo letu lazima alijue."

Kisha tukamsikia akiita jina la mkewe, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa kupiga kelele, na mvunaji mmoja mbali akilipokea jina lile kumfikishia.